Ngozi ya Dubu na fungu la mchoraji

Watu wakizungumzia minada ya picha za kisasa za Ulaya, kwa kawaida huanza na bei. Picha fulani imeuzwa kwa mamilioni, nyingine imevunja rekodi, na sisi wengine tunabaki tumeshika vichwa: hivi kweli kitambaa na rangi ndiyo pesa yote hiyo? Mimi swali langu huwa jingine. Nyundo ya dalali ikishagonga, ile nyongeza ya bei ni jasho la nani? Kwa swali hilo sijaona mfano mzuri kuliko mnada mmoja uliofanyika Paris tarehe 2 Machi 1914.

Habari yenyewe inaanza miaka kumi nyuma. Mwaka 1904 mfanyabiashara mmoja wa Paris, André Level, aliwakusanya ndugu na marafiki zake, jumla wakawa 13, wakaunda kitu ambacho kwa Mswahili si kigeni hata kidogo: watu wanachanga, mmoja anashika daftari. Zilikuwa hisa 11, kila hisa faranga 250 kwa mwaka, kwa miaka kumi. Tofauti na upatu wetu ni kwamba hakuna aliyekabidhiwa kitita zamu yake ilipofika. Pesa ilinunua picha za wachoraji ambao wakati huo makumbusho hayakuwa na haja nao, akina Matisse na Picasso. Wanachama waligawana picha kwa kura, kila mmoja akaning'iniza zake nyumbani, na makubaliano yakawa kwamba miaka kumi ikitimia zote zitapelekwa mnadani.

Walijiita La Peau de l'Ours, yaani Ngozi ya Dubu. Jina lilitoka katika ngano ya La Fontaine, ya marafiki wawili waliouza ngozi ya dubu ambaye bado alikuwa anatembea porini. Naona walijicheka mapema, kabla hawajachekwa na wengine.

Mwaka 1908 Level alinunua kwa faranga 1,000 picha kubwa ya Picasso aliyoichora mwaka 1905, yenye zaidi ya mita mbili kila upande. Inaonyesha watu sita wa sarakasi wamesimama mahali patupu, kila mmoja na mawazo yake, kama familia iliyoshushwa njiani na gari likaondoka. Faranga 1,000 ilikuwa pesa nzito kwa chama kilichokuwa kinakusanya faranga 2,750 tu kwa mwaka mzima.

Basi, Machi 1914 ikafika. Katika jumba la minada la Hôtel Drouot ziliwekwa kazi 145. Ile picha ya wanasarakasi ikafika faranga 11,500, na aliyeichukua ni Heinrich Thannhauser, mwuzaji picha kutoka Munich. Mauzo yote yalifikia faranga 116,545, wakati michango ya miaka kumi ilikuwa 27,500. Kesho yake gazeti la Paris-Midi likatoka na makala ya Maurice Delcourt iliyodai kwamba Wajerumani wanapandisha bei makusudi ili kuharibu sanaa ya Ufaransa. Miezi mitano baadaye nchi hizo mbili zilikuwa vitani.

Watu wengi wanaosimulia mnada huu huishia hapo, kwenye bei na kelele za Wajerumani. Kwangu mimi jambo kubwa ni lile lililofuata, pesa zilipogawanywa. Wanachama walirudishiwa michango yao pamoja na riba ya asilimia 3.5. Level alipewa asilimia 20 ya faida kwa kazi yake ya kuchagua na kusimamia. Na asilimia nyingine 20 ya faida ikapelekwa kwa wachoraji wenyewe.

Hebu tusimame hapo kidogo. Picha zilishauzwa na kulipiwa zamani. Hakuna sheria iliyomlazimisha Level kutoa hata senti. Kwa hesabu ya kawaida ya soko, muuzaji na mnunuzi walishamalizana. Kwa nini basi atoe?

Jibu ninaloliona liko kwenye ile picha. Kati ya 1908 na 1914 haikuongezewa hata doa la rangi. Waliosimama pale ni wale wale sita. Kilichobadilika ni mchoraji. Picasso aliendelea kufanya kazi, yeye na Braque wakaanzisha uchoraji wa namna mpya kabisa, na jina lake likavuka mipaka ya Ufaransa. Kazi aliyoifanya baada ya kuuza ndiyo iliyoipandisha thamani kazi aliyokwisha kuiuza. Level naye alihatarisha pesa ya wenzake, hilo simnyimi, na ndiyo maana wenye hisa walibaki na fungu kubwa. Lakini kusema nyongeza yote ni ya aliyehifadhi picha ukutani ni kumsahau aliyekuwa bado anatoka jasho.

Tarehe 20 Mei 1920 Ufaransa ilitunga sheria ya kumpa msanii, na warithi wake, sehemu ya bei kila kazi yake inapouzwa tena mnadani. Ila fungu lilikuwa dogo: kati ya asilimia 1 na 3 ya bei. Pigeni hesabu. Asilimia 20 ya faida ya wanasarakasi peke yao ni faranga 2,100. Kwa sheria ile, hata ukichukua kiwango cha juu kabisa, unapata 345.

Wapo wanaosema haki hii inawanenepesha walioshiba, kwa kuwa kazi za wachoraji maskini hazifiki mnadani mara ya pili. Hoja hiyo ina uzito. Lakini inasahau warithi, na hapo ndipo jambo hili linapofika kwetu. Edward Saidi Tingatinga alichora Dar es Salaam kwa miaka minne hivi, akauza picha zake kwa wapita njia wa Oyster Bay, akafa mwaka 1972. Hakupata muda wa kulikuza jina lake kama Picasso. Walilikuza wanafunzi na jamaa zake waliobaki wanachora, na leo vibao vyake vinapigiwa nyundo minadani. Nairobi imekuwa na minada ya sanaa ya Afrika Mashariki tangu 2013, na mwaka 2019 Kenya iliiingiza haki ya mauzo ya marudio katika sheria yake ya hakimiliki, asilimia 5.

Sheria ni nzuri, lakini inamsubiri mtu wa kuitekeleza. Level hakusubiri. Wanasarakasi wake leo wako Washington, katika National Gallery of Art, na hawatauzwa tena. Picha nyingi za huku kwetu bado ziko safarini, kutoka ukuta mmoja kwenda mwingine, na kila zinaponadiwa kuna daftari la mgawanyo linafunguliwa. Mimi nikisoma habari za mnada, nikishaiona bei, huwa naangalia kama mchoraji ameandikwa humo.