Kitufe cha A kinapokwaruza: kutoka taipureta za Karagwe hadi kibodi zetu za hosteli

Najua nimepotea kidogo. Tesiti zilibana, halafu tukaingia kwenye kuandika utafiti wa mwaka wa tatu. Leo siandiki habari za bumu wala foleni ya kantini. Mimi ni mwanafunzi wa ualimu, masomo yangu ni Historia na Kiswahili, kwa hiyo nimeona niwaletee historia ya kitu ambacho wote tunakigusa kila siku bila kukiwaza: kitufe cha kuandikia. Na hasa kile ambacho ukikibonyeza unahisi kama kuna mchanga ndani. Yaani hakikwami, hakijafa, ila kinakwaruza.

Darasani tunafundishwa kuweka hoja mbele, basi hoja yangu ni hii. Kwa sisi tunaoandika Kiswahili, mkwaruzo huo una herufi yake, nayo ni A. Na watu waliojua dawa yake mapema kuliko vijana wa kompyuta ni mahazili wetu, wale akina mama wa ofisini ambao historia imewasahau kabisa.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1868 Mmarekani Christopher Latham Sholes wa Milwaukee, pamoja na wenzake, alipata hataza ya mashine ya kupiga chapa. Mwaka 1874 ikaanza kuuzwa, na waliyoitengeneza ni Remington, kampuni ya bunduki na vyerehani. Ndiyo maana zile za mwanzo zilichorwa maua na zilikuwa na pedeli ya mguu, kama cherehani ya fundi pale sokoni Nkwenda! Mpangilio wa herufi unaoanza na QWERTY umetoka hapo, na mpaka leo uko kwenye laptopu yako.

Sasa angalia A iko wapi: mstari wa katikati, mwisho kabisa kushoto. Ukichapa kwa vidole vyote bila kutazama (namna iliyopata umaarufu baada ya Frank McGurrin kushinda shindano la uchapaji kule Cincinnati mwaka 1888), A inaangukia kidole kidogo cha mkono wa kushoto. Kwa wengi wetu hicho ndicho kidole dhaifu kuliko vyote.

Kwa Mwingereza si tatizo kubwa, maana herufi anayoitumia zaidi ni E. Ila sisi je? Chukua jina la nchi yetu: Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Nimehesabu, lina herufi 27. A ziko 7. E hakuna hata moja! Jina hilohilo kwa Kiingereza lina A 3 tu, na zote zimetoka kwenye neno Tanzania. Kidole kidogo cha karani wa Kiswahili kimebeba mzigo ambao aliyepanga zile herufi hakuufikiria.

Na majirani zetu ndiyo wana kazi zaidi. Kwenye mpangilio wa Kifaransa, ambao umetumika sana Kongo kwa sababu ya Wabelgiji, A imepandishwa juu mahali pa Q. Anayeandika Kiswahili Bukavu kwa mashine ya namna hiyo lazima akinyooshe kidole kidogo juu kila mara. Kwa upande mwingine tuna bahati. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na kinaandikwa kwa herufi za kawaida bila alama za juu na chini. Mashine ya Kiingereza inatosha kabisa. Hata ng' ya ng'ombe inahitaji kialama kimoja tu ambacho tayari kipo.

Sasa njoo nyumbani. Huko kwetu Kagera karatasi ziliingia na serikali, misheni na kahawa. Chama kikuu cha ushirika cha Bukoba kilisajiliwa mwaka 1950, na ushirika wowote ni barua, orodha za wakulima na mihtasari ya vikao. Halafu mwaka 1967 serikali ikaagiza Kiswahili kitumike katika shughuli zake. Sisi tunaisoma hiyo kama sera ya lugha, tunajibu mtihani, tunasahau. Lakini fikiria maana yake mezani kwa mpiga chapa. Barua iliyokuwa na E nyingi sasa ina A nyingi. Waraka ulewaraka, mashine ileile, ila kazi imehamia kidole kingine!

Shangazi yangu alikuwa mhazili katika shule moja ya sekondari kwetu, siku hizo Nkwenda ikiwa bado ndani ya Wilaya ya Karagwe (Kyerwa ilikuja kutengwa mwaka 2012). Kazi yake kubwa ilikuwa mitihani. Wadogo zangu wa leo hamjui stensili, ngoja niwaeleze. Stensili ni karatasi nyembamba iliyopakwa nta. Unaondoa utepe wa wino usiguse, ili herufi ya chuma igonge nta moja kwa moja na kuacha umbo lake. Kisha stensili inavalishwa kwenye mashine ya kudurufu, wino unapita palipogongwa, unapata nakala za darasa zima. Hakuna umeme, hakuna printa. Mkono tu unazungusha.

Sasa hapo ndipo mkwaruzo wa kitufe unakuwa jambo la maana. Ukigonga O kwa nguvu sana, katikati inadondoka, unabaki na tundu. Ukigonga A kwa unyonge, nta haifunguki, wino haupiti. Swali linaloanza na "Taja" linatoka "T j ". Mtoto wa kidato cha pili amekaa pale na kalamu yake, anakisia ameulizwa nini. Mwalimu atasema mwanafunzi hakuelewa swali. Kumbe swali lenyewe lilikuwa na shimo.

Na vumbi la kwetu mnalijua. Ile barabara ya kutoka Omurushaka kwenda Murongo, kwa miaka mingi ilikuwa ya udongo, na kiangazi kahawa ikiwa imeanikwa kwenye mikeka, gari likipita tu, dirisha, meza, mashine, vyote vyekundu. Ndani ya taipureta kila herufi imekaa kwenye mkono wake mwembamba wa chuma, na mikono yote inacheza ndani ya mifereji myembamba ya kipande kimoja cha chuma chenye umbo la nusu duara. Nafasi pale ni ndogo sana. Vumbi likiingia, mkono unapanda kwa uzito na kurudi kwa uvivu. Ukichapa haraka, wa pili unaukuta wa kwanza bado uko njiani, inagongana.

Wiki iliyopita nilimpigia simu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Kuna nini, mbona mapema hivi?"

Nikamuuliza, A ikianza kukwaruza mlikuwa mnafanyaje? Akacheka sana. Akasema anayekimbilia mafuta ndiye anayeua mashine. "Mafuta na vumbi vikikutana vinakuwa ugali," ndivyo alivyosema. Wao walianza na brashi ngumu, wanasugua ile mifereji na uso wa herufi, maana nta ya stensili inajaa kwenye matundu ya A na E. Kisha kitambaa chenye spiriti kidogo, wanachezesha mkono mpaka uwe mwepesi. Kwenye ile mifereji, mafuta hapana kabisa. Tone la mafuta lilikuwa la reli ambayo gari la karatasi linapita juu yake, tena tone moja. "Na usiku unaifunika, mwanangu. Kufunika ndiyo nusu ya ufundi."

Ufundi huo ulidumu kwetu kuliko sehemu nyingine, na sababu ni ya kihistoria. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Lakini mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta na vifaa vyake, na milango ikaja kufunguka taratibu miaka iliyofuata. Ongeza na ukosefu wa umeme vijijini (sheria ya nishati vijijini iliyoleta REA ni ya mwaka 2005), utaelewa kwa nini taipureta ilibaki kuwa bosi wa ofisi za wilayani muda mrefu hivyo.

Huku nyuma wenzetu walishahama. Mwaka 1981 IBM walitoa kompyuta yao maarufu, na kibodi yake ilikuwa na springi ya chuma chini ya kila kitufe, inayojipinda na kulia "tak!". Miaka hiyohiyo kampuni ya Cherry ikatoa swichi zake za MX: kijiti cha plastiki kinachoshuka ndani ya nyumba ya plastiki, springi chini yake, na pembeni kijani cha chuma kinachogusana na kingine ili umeme upite. Hizo ndizo tunaziita kibodi za makanika. Baadaye zikaja za bei rahisi zenye kikombe kidogo cha mpira chini ya kitufe, zikateka soko. Kwa hiyo kompyuta zilipoanza kuenea Tanzania, nyingi zilikuja na mpira. Wengi wetu tuliruka kutoka chuma cha taipureta mpaka mpira, zama za swichi zikatupita pembeni.

Zimerudi sasa. Hataza ya Cherry ilipoisha muda wake, viwanda vya China kama Kailh na Gateron vikajaza dunia kwa swichi za namna hiyo, bei ikashuka. Ndiyo maana hata hapa hosteli unazisikia usiku. Mimi niliipata ya mitumba kwa jamaa anayesoma kompyuta. Ni nzuri, ila A ilikuwa inakwaruza balaa, na utafiti wangu ni kurasa hamsini za Kiswahili. Piga hesabu ya A mwenyewe!

Sasa basi, kwa wenye shida kama yangu, hiki ndicho kinachoendelea mle ndani. Kijiti kinasugua kuta mbili za reli zake kila kikishuka. Plastiki ikiwa haikulainishwa vizuri kiwandani, au ikiwa kavu, au vumbi likiingia, kidole kinasikia. Kile kijani cha chuma nacho kinasugua miguu ya kijiti. Kujua kama tatizo ni swichi, ng'oa kofia ya kitufe kwa taratibu, bonyeza kijiti chenyewe polepole, katikati kwanza kisha pembeni. Kikiwa laini katikati na kikikwaruza pembeni, shida ni kuyumba kwa kijiti na namna unavyokibonyeza. Kikikwaruza kote, ni uchafu au ukavu.

Kisha fuata mahazili. Safisha kwanza: chomoa umeme, geuza kibodi, brashi kavu. Mara nyingi inaishia hapo. Isipoisha, kama swichi zako zinachomoka bila kuyeyusha risasi, chomoa moja tu, ifungue, futa reli, paka grisi ya sintetiki iliyotengenezwa kwa kazi hiyo (ile Krytox 205g0 ndiyo vijana wanaitaja sana) kwa brashi ya kuchorea. Iwe nyembamba kiasi kwamba huioni ikiwa nyeupe. Zile sehemu za chuma zinapokutana, usiguse. Swichi za kulia "tak" nazo ziache bila grisi, utaua mlio wake. Na tafadhali, mafuta ya kupikia na ya kujipaka yabaki kazini kwake. Ugali wa shangazi unaukumbuka?

Nilianza na A, nikafuata I na N, nikaishia hapo. Swichi tatu tu. Hizo nyingine hata sikuzigusa, Q ndiyo kabisa, kwa Kiswahili iko likizo tangu ilipozaliwa.

Wadau, mwaka 2011 magazeti ya dunia yaliandika kwamba Godrej & Boyce wa Mumbai wameacha kutengeneza taipureta, na 2012 kiwanda cha Brother cha Wrexham, Uingereza, kikatoa yake ya mwisho. Mashine zina tarehe ya kufa, na zinaandikiwa tanzia. Je, waliozitumia? Tulikuwa na Chuo cha Uhazili Tabora kilichofundisha hatimkato na uchapaji kwa vizazi, lakini kwenye desa zetu za historia sijakuta hata ukurasa mmoja juu ya mtu aliyechapa barua za serikali, mihtasari ya ushirika na mitihani iliyotupandisha madarasa. Tunamsoma aliyesaini barua. Aliyehakikisha A yake inasomeka hatumjui jina.

Mwaka huu nikienda kufundisha kwa mazoezi, nimepanga somo moja la vyanzo vya historia niwaambie wanafunzi wamtafute mhazili mstaafu mmoja kijijini kwao, wamuulize kuhusu stensili, vumbi na vidole, waandike. Masimulizi ya mdomo si ya watemi peke yao. Nawe unayesoma hapa, kama mama au shangazi yako alikaa nyuma ya Olympia, Imperial au Olivetti, mpigie leo. Muulize herufi gani ilikuwa inamsumbua.

Nabashiri atakujibu A. Akisema nyingine, niandikieni hapo chini, tubishane. Haya, narudi kwenye sura ya pili ya utafiti. Jumapili njema!