Anayefungwa Anaachia

Mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex huko Uingereza, mwanafunzi Roy Trubshaw alianza kutunga mchezo wa kompyuta ambao mwenzake Richard Bartle aliuendeleza baadaye. Haukuwa na picha wala sauti, ulikuwa maandishi matupu. Lakini watu waliokaa vyumba mbalimbali waliweza kuingia pamoja katika nchi moja ya kubuni, wakapigana na kusaidiana humo. Mwaka 1980 uliunganishwa na mtandao wa Marekani. Aghalabu hapo ndipo wanaoandika historia ya michezo ya mtandaoni wanapoanzia.

Sasa, ndugu msomaji, tuitazame Moshi ya mwaka huohuo 1978. Tangu 1974 serikali ilikuwa imepiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na televisheni pia. Fedha za kigeni zilikuwa haba, na kompyuta zilizonunuliwa kwa hesabu za Hazina zilikuwa zimeleta hasara na aibu. Kabla mwaka haujaisha vita vya Kagera vikaanza. Zanzibar walikuwa na televisheni yao, ila huku Bara tulisubiri hadi 1994, ITV ilipoanza kurusha matangazo. Mtoto aliyezaliwa kihambani Kibosho mwaka ule Trubshaw alipoketi kwenye kompyuta yake alikuwa kijana wa miaka 16 kabla Tanzania Bara haijapata kituo cha televisheni.

Naitaja tofauti hii kwa sababu ndiyo iliyoamua namna tulivyocheza. Wenzetu walikuwa na mtandao kwanza, wakazoea kucheza na asiyeonekana. Sisi gemu lilitufikia baada ya televisheni na kabla ya mtandao, kwa hiyo tulijifunza kucheza na mtu ambaye kiwiko chake kinakugusa mbavuni.

PlayStation ilitoka Japani Desemba 1994. Hadi kufika mlimani ilichukua miaka, na mara nyingi ilikuja kwa njia ileile ya vitu vingi vya Uchaggani: ndani ya begi la ndugu wa Dar es Salaam aliyepanda nyumbani Desemba, au kama watani wetu wanavyosema, aliyekwenda kuhesabiwa. Januari ndugu akarudi mjini, mashine ikabaki. Kutoka hapo hadi kibanda cha biashara ni hatua moja. Majengo, Pasua, Njoro, Kiborloni: televisheni ya chogo juu ya meza, pazia la kanga kuzuia mwanga, benchi la mbao, na tangazo la mkono linalokataza mwanafunzi mwenye sare.

Sheria ya kibanda ilikuwa fupi: anayefungwa anaachia. Mshindi hubaki na pedi yake, aliyeshindwa humpisha anayefuata. Kwa sheria hiyo mtoto wa muuza ndizi aliweza kumkalisha mtoto wa daktari benchini mchana kutwa. Mpira ndio uliotawala. Katika PES 6, gemu la mwaka 2006, aliyechagua Inter Milan alilalamikiwa kabla hajaanza, kwa kuwa Adriano alikuwa na shuti lisilozuilika. Vibanda vingine vilimkataza. Mwaka huohuo ukame ulileta mgao wa umeme. Umeme ukikatika katika dakika ya themanini, mabao yalihesabiwaje? Nimesikia mijadala ya katiba iliyokuwa myepesi kuliko huo.

Wazee wengi waliviona vibanda hivyo kuwa shule ya uvivu. Wapo watoto waliotumia nauli humo, sikatai. Ila mimi naona palikuwa mahali adimu pa kufungwa mbele ya macho ya watu, ukainuka, ukamwachia mwenzako pedi bila kumpiga.

Mtandao wenyewe ulikuja kwa kuchelewa. Vyumba vya intaneti vya mjini mwanzoni mwa miaka ya 2000 vilitegemea setilaiti, na kusubiri barua pepe moja ifunguke kulitosha kuwa mchezo. Julai 2009 mkongo wa SEACOM ulianza kazi Dar es Salaam, kisha mkongo wa taifa ukaisambaza huduma mikoani. Bado kijana wa Moshi hakuingia kwenye michezo ya mtandaoni kwa kompyuta. Aliingia kwa simu, Free Fire ilipotoka mwaka 2017 na PUBG Mobile 2018. Tangu hapo bei ya bando ikawa sehemu ya mchezo. Aprili 2021 viwango vipya vya bando vilipozua kilio nchi nzima hadi vikasitishwa, waliolia hawakuwa wafanyabiashara peke yao. Agosti 2022 TTCL ilifikisha intaneti ya kasi Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, kwa usalama wa wapandaji na kwa utalii.

Adui aliyebaki ni umbali. Mwanga ndani ya uzi wa kioo husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Seva ikiwa Ulaya, karibu kilomita 10,000 kwa njia ya mkongo, kwenda na kurudi hula sehemu ya kumi ya sekunde, bila kuhesabu vituo vya njiani. Kwa mlengaji shabaha hiyo ni tofauti ya kupona na kufa, na ndipo utasikia kelele: "Imeganda!"

Jambo linalonishangaza ni kwamba benchi halijafa. Nenda Marangu Mtoni jioni utawakuta vijana wawili wamekaa ubavu kwa ubavu, kila mmoja na simu yake, wanacheza mpira wao kwa wao. Akipiga huyu, pigo lake linateremka hadi Dar es Salaam, linaingia baharini, linafika kwenye seva ya mbali, ndipo linarudi mlimani kwa golikipa aliyekaa sentimita thelathini kutoka kwake. Akifungwa, anampa simu yule wa tatu aliyesimama nyuma yao.