Mpaka na Boda: Historia ya Busia Katika Msamiati wa Biashara

Wanahistoria wa Afrika Mashariki wameandika mengi juu ya namna mipaka yetu ilivyochorwa, na machache mno juu ya namna ilivyoitwa na watu waliojikuta wakiishi juu yake. Upungufu huu si wa ajabu. Hati za mabalozi na magavana zimehifadhiwa, nazo husomeka. Maneno ya wachuuzi hayakuandikwa na mtu. Walakini neno lililokubaliwa na watu wengi kwa muda mrefu ni hati ya aina yake, na katika makala haya nakusudia kusoma hati chache za namna hiyo kutoka Busia, mji ulioko katika mpaka wa Kenya na Uganda. Dai langu ni moja: kwamba serikali zilipokuwa zikiuona mpaka kuwa ni mwisho wa nchi, wenyeji waliuona kuwa ni mahali pa kazi, na kwamba tofauti hii haionekani waziwazi popote kama inavyoonekana katika msamiati.

Tuanze na neno lenyewe. Katika Kiswahili, *mpaka* ni ukingo wa shamba, wa kiwanja au wa nchi. Tena ni kihusishi cha kikomo, kwa maana ya hadi. Lakini tazama pia kitenzi *kupakana*. Mashamba yanayopakana ni mashamba ya majirani, na kiambishi kile cha kutendana hakikutiwa bure: hakuna apakanaye peke yake. Maana zote mbili, ya ukomo na ya ujirani, zimo katika neno hili tangu kale, na historia ya Busia yaweza kusomwa kama mvutano baina ya maana hizo mbili.

Nilipokuwa ng'ambo kwa masomo ya uzamili nilifundishwa kuchora ramani za lahaja, na nilizoea kuamini kwamba mstari ukishachorwa vizuri huonyesha mahali ambapo usemi mmoja hukoma na mwingine huanza. Mpaka wa Busia hauonyeshi lolote la namna hiyo. Wasamia wako pande zote mbili za mto Sio, na Iteso wako pande zote mbili za mpaka kaskazini yake. Mtu akivuka hapo hahami lugha. Anahama sarafu, sheria, na bei ya sukari.

Biashara ya eneo hili ni ya zamani kuliko mstari wenyewe. Wahunzi wa Samia walikuwa wakiyeyusha chuma na kufua majembe yaliyouzwa mbali, kwa Wajaluo na kwingineko, na jembe lilihesabiwa katika mahari. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 misafara ya Waswahili na Waarabu kutoka pwani ilifika kwa Nabongo Mumia, na mji wake ukawa kituo cha kupumzikia na kununulia chakula kabla ya kuendelea Buganda. Joseph Thomson alipita huko mwaka 1883, na Askofu Hannington mwaka 1885, katika safari ambayo hakurudi. Kiswahili, basi, kilifika magharibi mwa Kenya katika mizigo ya wapagazi kabla hakijafika katika vitabu vya shule.

Mstari ulikuja baadaye, tena haukukaa mahali pamoja. Mwanzoni eneo lote hili, na kuendelea mashariki hadi karibu na Naivasha, lilihesabiwa kuwa sehemu ya himaya ya Uganda. Tarehe 1 Aprili 1902 jimbo la mashariki la Uganda lilihamishiwa himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye iliitwa Kenya, na kwa tendo hilo reli yote kutoka Mombasa hadi Kisumu ikawa chini ya utawala mmoja. Wenyeji hawakuhama hata hatua moja. Nchi ndiyo iliyohama. Amri ya kifalme ya mwaka 1926 ilieleza mpaka huo kwa urefu, mto kwa mto.

Hata hivyo, kwa mchuuzi wa kawaida mstari huo ulikuwa mwepesi kwa miaka mingi. Kenya na Uganda zilikuwa na umoja wa forodha tangu mwaka 1917, na tangu mapema miaka ya 1920 zilitumia shilingi moja. Mama wa Kisamia aliyevuka na kikapu cha samaki hakuwa na sababu ya kujua kwamba amevuka kitu. Mwaka 1966 ndio uliobadili mambo, kwani mwaka huo kila nchi ilianza kutoa sarafu yake kwa benki kuu yake. Kwa maoni yangu huu ndio mwaka ambao mpaka ulizaliwa upya, safari hii mfukoni mwa mnunuzi. Kuanzia hapo bei ilikuwa na sura mbili, na kazi ya kubadilisha fedha ikapata wenyewe.

Hapa ndipo tunapokutana na neno la pili, *magendo*. Mimi naliona kuwa ni la shina moja na *mwendo* na *mwenendo*, yaani la kitenzi kwenda, ambacho katika Luganda ni *kugenda*. Ikiwa ni hivyo, basi neno lenyewe halina hatia: linasema tu kwamba kitu kinakwenda. Hatia imetiwa na sheria. Wala haikuanzia mpakani, kwa maana nchini Kenya kwenyewe, tangu wakati wa Vita Vikuu vya Pili hadi mageuzi ya miaka ya 1990, kusafirisha mahindi kutoka wilaya moja hadi nyingine bila kibali kulikuwa kosa. Mkulima aliyempelekea shemeji yake magunia machache wilaya ya pili alikuwa mtu wa magendo bila ya kuiona Uganda. Inafaa tulitenge neno hili na *ulanguzi*. Mlanguzi hununua kwa wingi ili apandishe bei, na lawama yake hutoka kwa jirani zake. Mtu wa magendo hulaumiwa na serikali, na jirani zake mara nyingi humshukuru.

Miaka ya Idi Amin ililipa neno hili uzito wake wote. Amin alitwaa serikali tarehe 25 Januari 1971, na mwezi Agosti 1972 aliwapa Waasia siku tisini waondoke. Maduka yaligawiwa askari na wapenzi wa serikali. Baada ya muda mfupi sabuni, chumvi na sukari zikaanza kuadimika. Upande wa pili wa mpaka vitu hivyo vilikuwako. Kisha, mwezi Julai 1975, jalidi iliunguza mibuni ya Brazil, na bei ya kahawa ikapanda duniani kote hadi kufikia kilele mwaka 1977. Mkulima wa Uganda alitakiwa kuiuzia bodi ya serikali kahawa yake kwa shilingi ambazo hazikuweza kununua kitu. Akiipitisha mpakani alipata shilingi za Kenya, na kwa shilingi hizo alipata blanketi, sabuni na bati za nyumba. Je, afanyeje?

Alifanya alivyofanya. Soko la Chepkube, katika miteremko ya Mlima Elgon upande wa Bungoma, lilijulikana ghafla nchini kote kwa sababu ya kahawa iliyoshuka huko usiku kwa vichwa, kwa punda na kwa malori, kisha ikaingia katika soko la dunia kwa jina la Kenya. Wako waliotajirika kwa msimu mmoja. Tusisahau hatari yake lakini. Dikrii ya mwaka 1975 ilianzisha nchini Uganda mahakama ya makosa ya uchumi, yenye uwezo wa kutoa hukumu ya kifo kwa magendo na kwa kuficha bidhaa, na katika Ziwa Viktoria kilikuwako kikosi maalumu cha kuwawinda wavushaji. Mtu aliyebeba gunia lile alibeba na shingo yake. Na juu ya hayo siasa za wakubwa ziliwaangukia wadogo: mwezi Februari 1976 Amin alidai nchi zilizohamishwa mwaka 1902, Kenya ikajibu kwa kubana bidhaa za Uganda zilizopitia Mombasa, na mwaka uliofuata Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika.

Kutoka miaka hiyo limebaki neno moja ambalo napenda wanaisimu wenzangu walitazame kwa makini. Matajiri wapya wa Uganda, waliorithi maduka ya Waasia au waliotajirika kwa magendo, waliitwa na watu *mafuta mingi*. Mwalimu wa sarufi atasahihisha mara moja: mafuta *mengi*. Nasi tukisahihisha tutakuwa tumeifuta ile hati. Upatanisho huu wa *mingi* kwa kila ngeli ndio wa Kiswahili cha bara, cha kambini na cha sokoni, na Kiswahili cha namna hiyo kilikuwa na historia nzito nchini Uganda. Kilikuwa lugha ya jeshi tangu siku za King's African Rifles. Watu wengi wa Buganda walikihusisha na bunduki na amri, na Amin alipokitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973 chuki hiyo haikupungua. Basi raia walipotafuta jina la kuwaita walionona juu ya njaa yao, waliwaita kwa lugha ya askari, tena kwa sarufi ya askari. Wako waelezao kwamba mafuta hayo ni yale ya kupikia yaliyoadimika. Mimi naona ni unono wa mwili, ingawa maana hizo mbili hazigombani. Vyovyote iwavyo, kosa la ngeli ni sehemu ya kejeli. *Mafuta mengi* yangekuwa maelezo tu.

Neno la nne limesafiri mbali kuliko yote. Baina ya lango la Kenya na lango la Uganda palikuwa na kipande cha njia kiasi cha nusu maili. Gari halikuweza kukipita bila karatasi nyingi. Mtu wa miguu mwenye mzigo aliona ni mbali. Baiskeli haikuulizwa kitu. Katika miaka ya 1960 na 1970 vijana wenye baiskeli walianza kuwachukua wasafiri juu ya kibao cha nyuma, wakiita kama watu wa magari waitavyo mwisho wa safari: boda, boda! Neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka liliingia kwa sauti ya Kiswahili, likarudufiwa kwa desturi ya Kiswahili, likawa jina la kazi. Ajabu ni kwamba neno *mpaka* lilikuwako, nalo halikutumika. Nadhani sababu yake ni hii tuliyoitaja mwanzoni. Mpaka ulikuwa jina la kile kilichozuia. Walihitaji jina la kile kilichopitika.

Kutoka Busia baiskeli hizo zilienea magharibi mwa Kenya na mashariki mwa Uganda, na pikipiki za bei nafuu zilipowasili neno likahamia kwazo. Leo bodaboda hupatikana Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, na wengi wa waendeshaji wake hawajapata kuuona mpaka wowote. Halikutungwa na kamati ya usanifishaji ya mwaka 1930 wala na baraza lolote lililofuata. Sisi tuliokaa vyuoni tukitunga istilahi kwa jasho hatuna budi kulikiri hilo.

Mambo ya Busia yameendelea kubadilika. Mwezi Desemba 1987 majeshi ya pande mbili yalirushiana risasi pale pale mpakani, na njia ikafungwa. Jumuiya ilifufuliwa kwa mkataba wa mwaka 1999. Umoja wa forodha ukaanza mwaka 2005. Na mwezi Februari 2018 marais wa nchi mbili walizindua kituo cha pamoja, ambamo msafiri hukaguliwa mara moja badala ya mbili. Hata hivyo *njia za panya* hazijaota majani. Mwaka 2020, wakati wa korona, malori yalipanga foleni za maili nyingi yakingoja madereva wapimwe, na mwezi Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu ya kuvu, kisha ikalegeza amri baada ya siku chache. Amri kama hizo zinapotoka Nairobi, gunia lililokuwa biashara asubuhi huwa magendo jioni, na aliyelibeba ni yule yule.

Nilipokuwa Busia nilimsikia mama mmoja muuza nyanya akimwambia mwenziwe kwamba amelala *ng'ambo*, akaashiria kwa kidevu upande wa pili wa barabara. Nilicheka moyoni, kwa kuwa mimi nimezoea kulitumia neno hilo kwa safari ya ndege. Kwake ng'ambo ni ng'ambo ya mto, kama ilivyokuwa kabla ya 1902.

Msamiati huu haujakusanywa. Majina ya mizigo, ya vipimo, ya askari wa forodha na ya njia zenyewe yako vinywani mwa watu ambao aliyekuwa na miaka ishirini miongoni mwao wakati wa kahawa ya Chepkube sasa amefikia sabini. Wengi wao hawapendi kusema mbele ya kinasa sauti, kwani wanachoulizwa kilikuwa jinai, na upande wa pili wa mto kiliweza kumtoa mtu roho. Atakayekwenda kuwauliza aanze na majina ya vipimo. Hayo hayamshtaki mtu.