Mrija wa shingoni ICU: mambo matano yanayozuia bakteria kuingia kwenye damu

Ukimkuta mgonjwa ana mrija umeingia shingoni au chini ya mfupa wa mtulinga, ujue hiyo si dripu ya kawaida. Kanula ya mkononi ni fupi na hukaa kwenye mshipa mdogo. Huu hupita ndani ya mshipa mkubwa, na mara nyingi ncha yake hufika karibu kabisa na moyo. Hutumika kupitisha dawa kali zinazounguza mishipa midogo, kusafisha damu ya mgonjwa wa figo, au pale mishipa ya mikono inapokuwa imegoma.

Shida ni kwamba njia inayofikisha dawa haraka hufikisha bakteria haraka vilevile. Wanatoka kwenye ngozi na kuufuata mrija kwa nje, au wanapita ndani kupitia mdomo wake, pale sindano inapochomekwa. Mtu aliyelazwa kwa ajali ya gari anaweza kufa kwa maambukizi aliyoyapata akiwa kitandani.

Kwa miaka mingi madaktari wengi waliona hiyo ndiyo hali ya ICU, haiepukiki. Mwaka 2001 Dkt. Peter Pronovost wa hospitali ya Johns Hopkins, Marekani, aliandika mambo matano kwenye karatasi: nawa mikono; safisha ngozi ya mgonjwa kwa klorheksidini; mfunike mgonjwa kwa shuka kubwa isiyo na vijidudu, nawe uvae kofia, barakoa, gauni na glovu; epuka kuweka mrija kwenye kinena ikiwezekana; na uutoe mara usipohitajika tena.

Hapo hakuna jipya, kila daktari anayajua. Lakini manesi walipoombwa kuangalia kimyakimya, ilionekana kwamba kwa zaidi ya theluthi moja ya wagonjwa kuna hatua ilirukwa. Kumbe kujua si kufanya.

Ndipo ikaja sehemu ngumu. Manesi walipewa ruhusa ya kumsimamisha daktari akiruka hatua, na uongozi ukasimama nyuma yao. Anayejua ngazi za hospitali zilivyo ataelewa uzito wake: nesi kumwambia bingwa, "Subiri daktari, hujanawa." Bila hiyo, karatasi ingebaki karatasi. Jingine dogo lililosaidia sana ni kitoroli kimoja chenye vifaa vyote. Mtu akilazimika kutafuta shuka kabati hili na glovu kabati lile, usiku wa manane ataacha kimoja.

Mpango huo ulipelekwa kwenye ICU zaidi ya 100, nyingi zikiwa jimbo la Michigan. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006: wastani wa maambukizi ulishuka kutoka 7.7 kwa kila siku 1,000 za kutumia mrija hadi 1.4, ndani ya mwaka mmoja na nusu.

Wodini je?

Mrija ukishawekwa vizuri, hatari inahamia kwenye matunzo ya kila siku. Kila unapoguswa ni nafasi kwa bakteria. Mdomo wake unapaswa kusuguliwa kwa spiriti na kuachwa ukauke kabla ya kuchomeka chochote. Plasta angavu hubadilishwa angalau kila baada ya siku 7, ya gozi kila baada ya siku 2, na yoyote ikilowa au kubanduka, papo hapo. Kumpa mgonjwa antibayotiki za kujikinga tu hakuchukui nafasi ya usafi huu.

Mrija unaosahaulika ndio mbaya zaidi. Mgonjwa ametoka ICU, anakula, anatembea, lakini mrija bado upo kwa sababu hakuna aliyeuliza. Ndugu unaweza kuuliza kwa heshima: "Sista, huu bado anauhitaji?" Wala usiushike wewe, hata kama plasta imekaa vibaya, ita nesi.

Wagonjwa wa figo wengine hurudi nyumbani na mrija wao. Usiloweshwe wakati wa kuoga, na usitumiwe kwa dripu nyingine bila kitengo cha figo kujua. Ukipata homa, ukitetemeka kwa baridi hasa wakati wa kusafishwa damu, au ukiona usaha, wekundu au maumivu pale unapoingilia, nenda hospitali siku hiyohiyo, na jambo la kwanza kumwambia daktari ni kwamba una mrija.