Mipaka ilipofungwa: vijana wamisionari waliokatiwa mafunzo mwaka 2020

Katikati ya mwezi wa tatu 2020, vituo 10 vya kufundishia wamisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wale wanaojulikana zaidi kwa jina la Wamormoni, viliacha kupokea wanafunzi wapya. Ilikuwa ni kwa sababu ya ugonjwa wa Covid-19. Watu wengi wanakumbuka namna masoko, shule na makanisa vilivyofungwa wakati ule. Hawa vijana hawatajwi sana: walikuwa wameaga wazazi, wamefunga sanduku, wengine tayari wako inchi ya kigeni, na masomo yao yakakatika katikati.

Kusudi habari hii ieleweke, inafaa kwanza kujua mmisionari wa Kanisa hilo ni nani. Si padri wala si mchungaji aliyesoma miaka mingi. Ni kijana. Mwanaume anaweza kuanza akiwa na miaka 18 na anatumika miezi 24. Mwanamke, wakati ule wa 2020, alikuwa akianza akiwa na miaka 19, na anatumika miezi 18. Hachagui inchi. Anapeleka maombi, kisha anangojea barua inayomwambia wapi atakwenda na lugha gani atahubiria. Kijana wa Lubumbashi anaweza kutumwa Afrika ya Magharibi, na kijana wa Marekani anaweza kutumwa Kinshasa. Mwanaume anaitwa Elder, neno lenye maana ya mzee, hata kama ndevu bado hazijaota.

Kanisa hilo lilitambuliwa na serikali ya Zaire mwaka 1986, na hekalu lake la kwanza katika inchi yetu lilifunguliwa Kinshasa tarehe 14/04/2019. Kwa hiyo pandemia ilipofika, kulikuwa tayari familia za Wakongomani ambamo baba alikuwa mmisionari zamani na mtoto anangojea barua yake. Siku ya kuaga si jambo dogo katika familia kama hizo. Ndugu wanakuja, wanaomba, wanachanga feza ya viatu na mashati meupe. Na mtoto akirudi kabla ya muda, majirani wanauliza kwa sauti ya chini: amefanya nini huko?

Shule hizo za wamisionari zenyewe zina historia ambayo inafanya mambo ya 2020 kuwa ya kushangaza. Mwaka 1925 Kanisa lilifungua nyumba moja katika mji wa Salt Lake City, Marekani, ambamo wamisionari walikaa siku chache kabla ya kusafiri. Lugha walikwenda kujifunzia huko huko walikotumwa. Mwaka 1961 kukatokea shida ya visa. Vijana waliotumwa Mexico na Argentina walikuwa wakingojea karatasi zao, na siku zinapita bure. Viongozi wakaamua kuwafundisha Kihispania katika chuo kikuu cha Brigham Young, mji wa Provo, wakati wanangojea. Kazi hiyo ya muda ikazaa matunda, lugha zingine zikaongezwa, majengo yakajengwa katika miaka ya 1970. Leo kituo cha Provo kinafundisha lugha zaidi ya 50 na kina nafasi ya wanafunzi karibu 3,700 kwa mara moja.

Kwa maneno mengine, shule hiyo ilizaliwa kwa sababu mipaka ilichelewa kufunguka. Kisha miaka 59, mipaka ilifungwa kabisa, na shule nayo ikafungwa.

Mwanzoni mwa mwaka 2020 Provo haikuwa peke yake. Kulikuwa vituo vingine katika Uingereza, Mexico, Guatemala, Peru, Brazili, Ufilipino na New Zealand. Afrika ilikuwa na viwili: kimoja Ghana, kingine Johannesburg, Afrika Kusini. Kituo cha Ghana kilipokea vijana wa inchi nyingi, wale wa Kiingereza na wale wa Kifaransa.

Ndani ya vituo hivyo kijana anaamka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Anapewa mwenzake, na tangu saa ile hawaachani: wanakula pamoja, wanasoma pamoja, wanafundisha pamoja. Anayejua tayari lugha alikuwa akimaliza kwa majuma karibu matatu. Anayejifunza lugha mpya alikuwa akikaa majuma sita hadi tisa. Maandiko yanafundishwa, lakini kuna somo lingine ambalo haliandikwi kwenye ubao. Ni kuishi na mtu ambaye hukumchagua, wa inchi nyingine, mwenye tabia zake, bila mama wa kukimbilia jioni. Mpaka mwanzo wa 2019, mmisionari alipiga simu nyumbani mara mbili tu kwa mwaka. Ni katika mwezi wa pili wa mwaka ule ndipo waliruhusiwa kuongea na wazazi kila juma.

Ugonjwa ulianza kuwagusa kutokea Asia. Mwezi wa pili 2020 wamisionari waliokuwa Hong Kong waliondolewa, na baadaye wale wa Korea Kusini. Tarehe 11/03 Shirika la Afya Ulimwenguni likatangaza kwamba Covid-19 ni pandemia. Kesho yake Kanisa likasimamisha mikutano yake yote katika dunia. Siku chache tu zikapita, vituo vya Provo na Uingereza vikaacha kupokea wapya, kisha vingine vyote vikafuata. Waliokuwa ndani walitolewa haraka kwenda kazini ao kurudi kwao, na kuna wale ambao hawakumaliza majuma yao.

Kama vile hiyo haikutosha, tarehe 18/03 tetemeko la ardhi la kipimo cha 5.7 likatikisa eneo la Salt Lake City na uwanja wa ndege ukasimama kwa masaa. Tarehe 20/03 viongozi wa Kanisa wakaandika kwamba wamisionari wengi walio nje ya inchi zao watalazimika kurudi. Juma pili ya tarehe 22/03, ndege zilizotoka Ufilipino zikaleta mamia ya vijana Salt Lake City kwa siku moja. Wazazi wakajazana kwenye uwanja wa ndege kuwapokea, wakakumbatiana, hali wakubwa wa serikali wanaomba watu wakae mbali mbali. Vijana wale walipofika nyumbani walitakiwa kujitenga siku 14. Mtu aliyezoea kugonga milango ya watu kutwa nzima akawekwa ndani ya chumba chake cha utoto.

Kwa upande wa Afrika, milango ilifungwa karibu wakati mmoja. Afrika Kusini ilitangaza hali ya maafa tarehe 15/03, na usiku wa tarehe 26/03 ikawafungia watu nyumbani. Ghana ilifunga mipaka yake tarehe 22/03. Hapa Kongo, mgonjwa wa kwanza alitangazwa Kinshasa tarehe 10/03. Tarehe 18/03 Rais Félix Tshisekedi akasimamisha ndege kutoka inchi zilizokuwa na ugonjwa, akafunga shule na makanisa, akakataza mikusanyiko ya watu zaidi ya 20. Tarehe 24/03 akatangaza hali ya dharura, mipaka ikafungwa na Kinshasa ikatengwa na majimbo mengine. Siku zile zile mji wa Lubumbashi ulifungwa kwa siku mbili, sababu ya watu wawili waliodhaniwa kuwa na ugonjwa katika ndege iliyotoka Kinshasa. Huko Goma na Bukavu, Rwanda ilikuwa tayari imefunga upande wake.

Kwa hiyo kijana wa Bukavu aliyekuwa na barua ya kwenda kujifunza Ghana ao Johannesburg hakuwa na kizuizi kimoja tu. Asingefika Kinshasa. Hata kama angefika, asingepanda ndege. Hata kama angepanda, asingeingia kule. Na kituo chenyewe kilikuwa kimefungwa.

Wakaaji wa mashariki hawakuhitaji kufundishwa kuogopa ugonjwa. Tangu tarehe 01/08/2018 walikuwa wakipambana na Ebola katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, ugonjwa ulioua watu zaidi ya 2,200. Kunawa mikono kwenye kizuizi na kupimwa joto kwenye paji la uso ilikuwa desturi ya kila siku. Mwisho wa Ebola ulipaswa kutangazwa tarehe 12/04/2020. Siku mbili kabla, mgonjwa mpya akapatikana Beni. Mwisho wenyewe ulitangazwa tarehe 25/06. Kwa watu waliokuwa na magonjwa mawili mlangoni, masomo ya kijana mmoja mmisionari hayakuwa habari kubwa. Lakini kwa kijana mwenyewe na wazazi wake yalikuwa habari kubwa.

Kanisa lilijibu kwa kuhamishia darasa kwenye intaneti. Kijana alivaa shati jeupe na tai, akaketi mbele ya simu ao kompyuta nyumbani kwao, na mwalimu akamfundisha kwa video. Mwenzake naye alikuwa kwenye video. Huko Marekani, ambako umeme hauzimwi mara nyingi na intaneti iko katika nyumba nyingi, jambo hilo liliwezekana bila shida kubwa. Hapa kwetu mtu yeyote anaweza kupiga hesabu. Somo la video linakula mega nyingi, na mega zinanunuliwa kwa feza ile ile ya unga. Umeme unakuja usiku wakati mwalimu amelala, ao haukuji siku tatu. Nyumba ina vyumba viwili na watu wanane, shule zimefungwa na wadogo wote wako ndani. Anasoma namna ya kuacha nyumba ya wazazi, huku mama anamuita akachote maji.

Waliokuwa wamekwisha kuanza kazi katika inchi za kigeni na wakarudishwa walipewa njia mbili: kutumwa tena mara hali itakaporuhusu, mara nyingi ndani ya inchi yao wenyewe, ao kungoja mwaka mmoja hadi mwaka na nusu na kuanza upya. Wengine, ambao muda wao ulikuwa umekaribia kwisha, waliachiliwa mapema. Kwa kijana wa miaka 19, kungoja mwaka na nusu si jambo jepesi. Chuo kikuu kinamngojea, kazi inatafutwa, na kule mtaani swali la majirani linabaki. Safari hii jibu lilikuwa rahisi kidogo, sababu ugonjwa ulirudisha watu wote, wema na wabaya, bila kuchagua.

Kuna upande mwingine wa habari hii ambao unahusu Kongo moja kwa moja. Agizo la kurudisha wageni lilimaanisha kwamba wasio Wakongomani wanaondoka, na Wakongomani wanabaki kwao. Makanisa yalikuwa yamefungwa, kutembelea watu kulikatazwa, lakini simu zilikuwa wazi. Katika dunia yote wamisionari wakaanza kufundisha kwa simu, kwa WhatsApp na kwa Facebook. Hapa kazi hiyo ikabaki mikononi mwa vijana wa inchi, wanaojua lugha za mitaa na wanaojua ni saa ngapi mtu anapata mega za usiku kwa bei ndogo.

Hali ya dharura ilimalizika mwezi wa saba 2020. Biashara zilifunguliwa tarehe 22/07, makanisa na viwanja vya ndege tarehe 15/08. Vituo vya mafunzo vilikawia zaidi. Provo ilipokea tena wanafunzi mwezi wa sita 2021, kisha miezi 15 ya vyumba vitupu. Hesabu ya Kanisa lenyewe inaonyesha ukubwa wa pigo: wamisionari walikuwa zaidi ya 67,000 mwisho wa 2019, na mwaka mmoja baadaye walikuwa chini ya 52,000. Ni mwaka 2023 tu ndipo idadi ilipanda tena na kupita ile ya 2019.

Jambo moja la wakati ule halikuondoka. Hata baada ya vituo kufunguliwa, mmisionari mpya anaanza masomo yake kwa intaneti akiwa bado nyumbani, ndipo anasafiri. Viongozi waliona kwamba sehemu ya mafundisho inaweza kupita kwenye kioo cha simu, na kwamba wazazi wanafurahi kuona mtoto anajifunza nini. Lakini hawakuachia kila kitu kwenye simu. Kama video ingetosha, yale majengo ya Provo, Ghana na Johannesburg yangeuzwa. Yalifunguliwa tena, kwa sababu ya somo lile lisiloandikwa kwenye ubao: kulala chumba kimoja na mgeni na kuamka asubuhi mkiwa bado mnasalimiana.

Vijana wa mwaka 2020 hawakupata somo hilo shuleni. Walilipata moja kwa moja kazini, bila mwalimu wa kuwasaidia, wengine kisha mwaka mzima wa kungoja. Wengi wao leo wamemaliza kazi hiyo, wameoa ao wameolewa, na ndio wanaotayarisha wadogo zao wanaongojea barua.

Ikumbukwe kwamba katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hali ya dharura ya Covid-19 ilidumu karibu miezi minne, kuanzia tarehe 24/03/2020, na iliongezwa mara kadhaa kabla ya kuondolewa.