Samaki wa Skimmerhorn

Mwaka 1925 John Skimmerhorn, Mpaiute wa jimbo la Nevada, Marekani, alivua trauti wa ratili 41 katika Ziwa Pyramid. Hizo ni takriban kilo 18.6. Ukimjua trauti wa mito ya Mlima Kenya, anayeenea kwenye sahani moja, utadhani ni chumvi ya wavuvi. Lakini rekodi hiyo ya dunia, kwa aina yake ya trauti, haijavunjwa hadi leo.

Trauti anayeishi kijitoni hula zaidi wadudu na hubaki mdogo. Pyramid lilimpa nafasi, kina, na makundi makubwa ya samaki wadogo wa kuwinda. Ukoo wake ulikuwa umezoea maisha hayo tangu enzi za barafu, Pyramid lilipokuwa sehemu ya ziwa kubwa zaidi, Lahontan. Aliishi miaka mingi, na kila mwaka aliongezeka. Wapaiute walimtegemea kwa chakula, John C. Frémont alipofika hapo Januari 1844, walimlisha trauti huyo.

Ila ukubwa huo ulikuwa na sharti: kila msimu wa kuzaliana, samaki walipaswa kupanda Mto Truckee kutaga mayai. Mwaka 1905 serikali ilikamilisha Bwawa la Derby kwenye mto huo, ikageuza sehemu kubwa ya maji kwenda mashamba ya walowezi. Ziwa likashuka, mlango wa mto ukajaa mchanga, njia ikafungwa. Kwa hiyo Skimmerhorn alivua jitu lake miaka 20 baada ya bwawa, wakati ukoo wake ulikuwa tayari unaelekea ukingoni. Kundi la mwisho lilipanda mto mwaka 1938. Miaka michache baadaye hakubaki hata mmoja ziwani.

Miaka ya 1970, katika kijito chembamba cha mlima wa Pilot Peak, mpakani mwa Nevada na Utah, walipatikana trauti wadogo ambao hawakuwa wa asili ya pale. Bila shaka mtu aliwahi kuwapandikiza zamani. Vipimo vya vinasaba, vilivyolinganishwa na samaki waliohifadhiwa makumbusho, vilionyesha kuwa ni wa Pyramid.

Mwaka 2006 uzao wao ulianza kurudishwa ziwani. Haikupita miaka kumi, wavuvi wakawa wanatoa samaki wa zaidi ya kilo 9. Ukubwa ulikuwa umelala ndani yao muda wote ule. Kilichokosekana ni ziwa.

Na ziwa lenyewe Wapaiute walilipigania mahakamani kwa miongo mingi. Mwaka 1983 Mahakama Kuu ya Marekani iliwakatalia madai ya maji zaidi. Mwaka 1990 Bunge lilipitisha sheria ya suluhu. Mwaka 2014 trauti walitaga tena Truckee. Bwawa la Derby bado lipo, na tangu 2020 lina chujio la kuwazuia samaki wasipotelee mferejini.