Fagio la Zamu na Fagio la Adhabu

Katika shule nyingi za msingi za Japani, chakula cha mchana kikiisha, watoto husukuma madawati upande mmoja, wakaanza kufagia darasa, kupiga deki na kufuta ngazi. Kazi huchukua kama robo saa, na mwalimu huinama pamoja nao. Kabla ya hapo, wenzao wa zamu huwa wamevaa aproni na kofia nyeupe wakagawa chakula, na darasa zima hungoja hadi kila mmoja apate chake ndipo waanze kula.

Msomaji wa Morogoro au Kakamega atauliza: kwani sisi hatukufagia? Tulifagia sana. Tulikwenda shule na mafagio ya chelewa na ndoo za maji, tukamwagilia bustani kabla ya kengele. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alitaka shule iwe jamii inayoishi kwa kazi yake, walimu na wanafunzi wakilima shamba moja, ili mtoto aliyesoma asije akamdharau mzazi wake mkulima. Kwa wazo hilo, hatukuwa na la kuazima Japani.

Tulipokosea ni hapa: fagio lile lile tuliligeuza kiboko. Aliyechelewa akaoshe vyoo. Aliyepiga kelele akalime matuta matatu, na mwalimu amesimama kivulini akihesabu. Mtoto ana akili. Anaona upesi kwamba kazi ya mikono ni fungu la mkosaji, na kwamba dalili ya kuheshimika ni kutoigusa. Baada ya miaka saba ya somo hilo, wimbo wa kusifu kazi paredi hauwezi kulifuta.

Sisemi Japani ni pepo. Baada ya tamko la mfalme kuhusu elimu la mwaka 1890, somo la maadili lililoitwa shushin lilizidi kuwa chombo cha kuwafunza watoto utii kwa mfalme na taifa, hata kufa vitani, mpaka Wamarekani walipolisimamisha mwishoni mwa 1945. Maadili yalirudi kwenye ratiba mwaka 1958 kama kipindi cha kila wiki, na yakawa somo rasmi la shule za msingi mwaka 2018, lenye vitabu vyake. Wapo walioogopa, kwa kuwa walikumbuka. Serikali ikaamua mwalimu asitoe alama za tarakimu. Aandike maelezo tu. Kwangu huo ni uamuzi wa hekima, kwa maana mtoto anayepimwa wema wake kwa alama hujifunza kwanza kuonekana mwema.

Katika miaka ya 1920, watafiti Hugh Hartshorne na Mark May waliwapa maelfu ya watoto wa Marekani nafasi za kudanganya bila kujua wanaangaliwa. Yule aliyekuwa mkweli kwenye mtihani aliweza kudanganya kwenye mchezo. Kujua lililo sahihi hakukuwa dhamana ya kulitenda. Mazingira yenyewe yalikuwa na nguvu kubwa.

Vyuo vya Kurani vya pwani yetu vililielewa jambo hili zamani. Adabu haikuwa na kipindi chake. Ilikuwa katika namna ya kuingia na salamu, kuketi mkekani, kungoja zamu ya kusoma, na mkubwa kumshika mdogo mkono akimfundisha alifu na bee. Bakora nayo ilikuwapo, sifichi, na wengi waliondoka wakishindwa kutenganisha heshima na hofu. Hilo tusilirithi.

Tanzania sasa ina somo la Historia ya Tanzania na Maadili katika mtaala mpya wa 2023. Nalitakia heri kwa moyo wote. Hata hivyo mtoto anaweza kuizungushia duara herufi sahihi ya swali kuhusu uaminifu, jibu lenyewe akiwa amelichungulia kwa jirani. Kwa hiyo ningewaomba walimu wakuu waanze na jambo lisilohitaji kitabu wala bajeti: usafi na kilimo vifutwe kwenye orodha ya adhabu, vibaki kuwa zamu ya kila mtu, na jina la mwalimu wa darasa liandikwe kwenye zamu hiyo pamoja na ya wanafunzi wake.